Sura ya 7: Nani Atamchukua Kijana Wetu?

Michezo ya shule za upili ikifika ngazi ya kaunti, swali ni lile lile, uwe umesimama ukingoni mwa Gusii Stadium mjini Kisii au kwenye uwanja wa Manga kule Nyamira. Mzazi anamvuta kando mwalimu wa michezo: "Mwalimu, huyu kijana amefunga kila mechi. Mbona hakuna timu iliyomchukua?" Mwalimu hujibu kwa upole: "Subiri mzee, watamwona."

Siku hizi swali hilo lina pacha wake, na pacha huyu ametoka ng'ambo. Familia nyingi za Kisii na Nyamira zina jamaa Minnesota, na jamaa hao wameona jinsi Wamarekani wanavyofanya: kijana anacheza chuoni, siku moja jina lake linasomwa hadharani, na tangu hapo ana klabu. Basi wanauliza: kwa nini Kenya isiwe na drafti?

Sura hii inajibu maswali yote mawili, kwa sababu kwa kweli ni swali moja. Anayemwona mchezaji ni nani, anaangalia nini, na nani ana haki ya kuchagua kwanza?

Drafti inavyofanya kazi

Kumbuka watoto wanavyogawana timu uwanjani. Manahodha wawili wanasimama mbele ya wenzao, mmoja anasema "namchukua huyu," mwenzake anajibu "basi mimi yule," mpaka wote wanakwisha. Drafti ni hilo hilo, ila manahodha ni klabu za kulipwa, na wanaosimama mstarini ni wanafunzi wa vyuo vikuu.

Ligi kuu ya soka ya Marekani, MLS, ilianza mwaka 1996, na drafti yake ya sasa, iitwayo SuperDraft, imekuwapo tangu 2000. Kanuni yake kubwa ni hii: aliyeshika mkia msimu uliopita anachagua mapema, bingwa anachagua mwishoni. Klabu mpya inayoingia ligini hupewa nafasi za mbele kabisa ili isije ikafedheheka. Lengo ni kuzuia matajiri wasikusanye vipaji vyote mahali pamoja.

Zamu yenyewe ni mali. Klabu inaweza kuiuza au kuibadilisha kwa mchezaji mwingine. Ndiyo maana mwaka 2016 Chicago ilimchagua Jack Harrison, Mwingereza aliyekuwa akisoma Wake Forest, kwa zamu ya kwanza kabisa, na siku hiyo hiyo akapelekwa New York.

Msomaji aangalie jambo moja ambalo mashabiki hulipita haraka. Katika drafti mchezaji hachagui. Jina lake likisomwa na klabu ya Colorado, basi akitaka kucheza MLS lazima azungumze na Colorado, hata kama mjomba wake anaishi Minneapolis na chumba kiko tayari. Kwa klabu dhaifu huo ni ulinzi. Kwa kijana ni kufungiwa mlango wa soko. Mtu anayesema tuilete drafti Kenya aanze kwa kujibu kama yuko tayari mwanawe apangiwe klabu bila kuulizwa.

Wanachoangalia kabla ya kusoma jina

Kabla ya siku yenyewe, maskauti, yaani watu wanaolipwa na klabu kuzunguka wakitafuta wachezaji, huwa wamefuata mechi za vyuo. Mechi nyingi wanazofuata ni za vyuo vilivyo chini ya NCAA, chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani. Msimu wa vyuo ni mfupi, kuanzia Agosti hadi Desemba, na mara nyingi timu hucheza mechi mbili kwa wiki. Wachezaji wanabadilishwa kwa uhuru mkubwa kuliko katika soka ya kulipwa. Skauti mwenye uzoefu hujiuliza: huyu anayekimbia kama swala, je, atakimbia hivyo dakika ya 85 bila kupumzishwa?

Kipaji ni mwanzo tu. Mengine yanayopimwa ni haya:

- Umri. Mhitimu wa chuo ana miaka 21 au 22. Katika soka ya dunia huo si utoto tena. Wenzake wa Ulaya na Brazil wameshacheza misimu mitatu au minne ya kulipwa.
- Nafasi uwanjani. Mabeki na makipa wa chuo huaminiwa mapema zaidi, kwa kuwa washambuliaji klabu hupenda kuwanunua nje wakiwa wameshaiva.
- Uraia. Kila klabu ya MLS hupangiwa idadi ya nafasi za wachezaji wa kigeni, kawaida nane, na nafasi hizo huuzwa na kununuliwa kati ya klabu. Mkenya asiye na kadi ya ukaazi wa kudumu anakula nafasi moja. Mwenye kadi hiyo hachukui nafasi hiyo.
- Mkataba anaokuja nao. Wachache walio bora huingia drafti kabla ya kumaliza masomo chini ya mpango uitwao Generation Adidas. Mishahara yao haihesabiwi katika bajeti ya klabu, na hutengewa fedha za kurudi kumaliza shahada. Klabu huwapenda hao kwa sababu ya wazi.

Tazama ile hoja ya uraia tena. Vijana wawili wenye uwezo sawa, mmoja amezaliwa Minneapolis kwa wazazi waliotoka Nyamira, mwingine ametoka Nyamira mwenyewe akiwa na viza ya mwanafunzi. Wa kwanza ni bei rahisi. Wa pili lazima awe bora kwa kiasi cha kuifanya klabu iachie nafasi ambayo ingempa mtu wa Argentina. Hakuna anayeyasema haya katika hotuba za siku ya drafti.

Kutangulia si kufika

Januari 2021 Mkenya alisomwa wa tatu katika SuperDraft nzima. Philip Mayaka, kiungo wa chuo cha Clemson kule South Carolina, alichukuliwa na Colorado Rapids akiwa na mkataba wa Generation Adidas. Huku Gusii, yaani Kisii na Nyamira, jina lake la pili halihitaji kutajwa herufi kwa herufi. Waliomtangulia siku hiyo walikuwa wawili tu, Daniel Pereira na Calvin Harris.

Baada ya makofi, ikaja kazi. Kiungo wa miaka 20 anayeingia klabu iliyojaa wakongwe hapewi jezi kwa sababu ya namba ya drafti. Dakika za Mayaka kwenye ligi kuu zilikuwa chache, akatolewa kwa mkopo kwenda ligi ya chini. Pereira, aliyekwenda Austin, klabu mpya iliyokuwa inaanza bila kikosi, alipata nafasi ya kucheza tangu mwanzo. Nadhani somo hapa si la kipaji. Klabu inayokuchukua inaweza kuwa na uzito kuliko zamu uliyochukuliwa.

Upande wa pili yuko Lawrence Olum, Mkenya wa Nairobi. Yeye alisoma Missouri Baptist, chuo kidogo kilicho nje ya NCAA, ambako maskauti wa ligi kuu hawajazani. Alipitia timu za madaraja ya chini kabla ya kufika Sporting Kansas City, na mwaka 2013 akawa katika kikosi kilichotwaa kombe la MLS. Alicheza ligi hiyo kwa miaka mingi kuliko wengi waliotangulia kusomwa majina.

Na kuna njia ya tatu inayoimeza drafti taratibu. Tangu mwishoni mwa muongo wa 2000, klabu za MLS zinaruhusiwa kumsajili moja kwa moja kijana waliyemlea kwenye akademia yao, bila kumpitisha kwenye mstari. Handwalla Bwana, mzaliwa wa Mombasa, alifanyiwa hivyo na Seattle Sounders mwaka 2018 akitoka Chuo Kikuu cha Washington. Wenzake wa darasa waliketi kungoja majina yasomwe. Yeye alikuwa ameshatia sahihi.

Matokeo yake ni kwamba wazuri wengi huondoka kabla ya siku ya drafti. Katika raundi za mwisho klabu nyingine hupita tu bila kumchagua mtu yeyote. Ligi ya wanawake ya huko, NWSL, iliifuta drafti kabisa mwaka 2024; sasa mchezaji anayetoka chuoni huzungumza na klabu anayoitaka. Hata hivyo mtu asiidharau. Clint Dempsey wa Marekani alipatikana kwenye drafti ya MLS mwaka 2004, wa nane, na Tajon Buchanan wa Kanada mwaka 2019, wa tisa. Lulu bado zipo, ila mvuvi lazima azame zaidi.

*Kwa ufupi: drafti humpa mnyonge zamu ya kwanza na kumnyima mchezaji uchaguzi. Marekani yenyewe inaiacha polepole, kwa kuwa klabu zimegundua kulea ni bora kuliko kungojea.*

Mkimbiaji ana saa

Vyuo vya Marekani havikuanza jana kuchukua vijana wa Gusii. Robert Ouko, mtu wa Manga, alisoma North Carolina Central. Mwaka 1972 mjini Munich alikimbia katika timu ya Kenya iliyoshinda dhahabu ya mita 400 mara nne kupokezana vijiti; wenzake Charles Asati na Hezekiah Nyamau nao walikuwa Wagusii, na wa nne alikuwa Julius Sang, aliyesoma naye chuo kimoja. Baadaye Yobes Ondieki alipitia Iowa State, akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Tokyo mwaka 1991, na Julai 1993 kule Oslo akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27: alitumia 26:58.38.

Basi kwa nini wanariadha walifika kwa urahisi hivyo, na wanasoka wa milima ile ile wakabaki wakiulizwa "watamwona lini"?

Kwa sababu mkimbiaji ana saa. Kocha wa Iowa hakuhitaji kufika Kisii. Alihitaji barua yenye muda wa mita 1,500 na jina la mtu wa kuaminika aliyeshika saa. Dakika tatu na sekunde arobaini ni zile zile, uwe umekimbia kwenye nyasi za Nyamira au kwenye tartani ya Des Moines.

Mchezaji wa mpira hana muda wa kuandika kwenye barua. Mabao saba katika michezo ya kaunti yana maana gani? Yalifungwa dhidi ya nani, kwenye uwanja wa namna gani, na kipa alikuwa mtu wa umri gani? Thamani ya mpira haisafiri kwa tarakimu. Inasafiri kwa macho na kwa ushahidi wa mtu. Ndiyo maana katika soka yote, Kenya au Marekani, kuchaguliwa ni suala la nani alikuona na nani yuko tayari kuweka jina lake juu yako. Wamarekani wameliwekea ratiba na jukwaa tu.

Huku kwetu hakuna foleni

Klabu ya Gusii ni Shabana, iitwayo pia Tore Bobe, iliyoanza 1980 na kuchukua jina la duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii. Katika enzi zake za kwanza ilimtoa Henry Motego, na ilimpa jezi Mike Okoth, baba yake mwanasoka Divock Origi, kabla hajaenda Kenya Breweries na kisha Ubelgiji. Ilishuka daraja 2006, ikakaa huko miaka 17. Iliporudi ligi kuu mwaka 2023 pamoja na Murang'a SEAL, Gusii Stadium ilifurika mpaka watu wakapanda miti.

Mzazi wa Keroka au Ogembo angetarajia klabu hiyo iwe inavuna moja kwa moja kutoka shule za upili za karibu. Mambo hayaendi hivyo, na sababu zake si ubaya wa mtu. Ligi kuu ina timu 18. Kocha wa timu iliyopandishwa daraja anajua akipoteza mechi tano mfululizo atafukuzwa. Kocha wa namna hiyo humsajili beki wa miaka 27 ambaye tayari amecheza ligi, si kijana wa Kidato cha Nne ambaye Novemba atakuwa kwenye chumba cha mtihani. Kijana anaanzia chini: ligi ya kaunti, Daraja la Pili, Daraja la Kwanza, kisha Ligi ya Taifa ya Supa, ndipo aangaliwe.

Lakini si kwamba vijana wa shule hawachukuliwi. Wanachukuliwa, tena mapema mno, na wanaowachukua wa kwanza ni shule zenyewe. Mwalimu wa michezo wa shule yenye jina humwona mtoto wa darasa la chini katika mashindano, na kabla mwaka haujaisha mtoto ameshahamia kaunti nyingine karo ikiwa imefutwa. Kama unatafuta mahali ambapo Wakenya wanagombania vipaji kwa ushindani wa kweli, usiende ofisi za klabu. Nenda kwa walimu wakuu mwezi wa Januari.

Wanaofuata ni timu za taasisi. Ulinzi Stars ni timu ya jeshi, na mchezaji wake ni askari mwenye namba ya kazi. Imetwaa ligi 2003, 2004, 2005 na 2010. Polisi, ambao walikuwa mabingwa msimu wa 2024/25, Bandari, KCB na Posta nao wana jambo ambalo klabu ya jamii haiwezi kulitoa kirahisi: nyuma yao kuna mwajiri. Mzazi aliyemlea mtoto kwa shamba la chai la nusu eka atamwambia nini mwanawe akipewa nafasi mbili, moja yenye mashabiki elfu tano wanaoimba jina lake kwa Ekegusii, na nyingine yenye mshahara wa mwisho wa mwezi? Mimi siwezi kumlaumu.

Hii ndiyo drafti ya Kenya, na kanuni yake ni kinyume cha ile ya Marekani. Kule anayeanza kuchagua ni mnyonge. Hapa anaanza yule mwenye karo ya kufuta au kazi ya kutoa.

Kwa wasichana mambo yamekaa tofauti kidogo. Timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Junior Starlets, ilikusanywa kwa sehemu kubwa kutoka shule za upili, na mwaka 2024 ikawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA la ngazi yoyote, katika Jamhuri ya Dominika, ambako iliishinda Mexico 2–1. Michezo ya shule, kwa wasichana, imekuwa njia fupi kuliko klabu. Tahadhari kwa msomaji wa magazeti: Nyamira Girls inayotajwa kila mara kwenye kurasa za michezo iko Bondo, Siaya, si kaunti ya Nyamira. Wazazi wa Kebirigo wamewahi kufurahi bure.

Pesa anayeidai hayupo

Hapa tunafika mahali ambapo Kisii na Nyamira zinapoteza fedha bila kujua.

FIFA, shirikisho la soka la dunia, lina utaratibu uitwao mchango wa mshikamano. Mchezaji wa kulipwa akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa kila msimu wa umri wa 12 hadi 15, klabu ya ulezi hupata asilimia 0.25 ya bei. Kwa kila msimu kuanzia 16, hupata asilimia 0.5.

Tufanye hesabu. Kijana alichezea timu ya kijiji karibu na Nyansiongo tangu miaka 12 hadi mwisho wa msimu wa umri wa 18. Miaka mingi baadaye klabu moja ya Ulaya inamuuza kwa nyingine kwa bei iliyo sawa na shilingi milioni 100. Misimu minne ya mwanzo ni shilingi 250,000 kila mmoja, jumla milioni 1. Misimu mitatu inayofuata ni shilingi 500,000 kila mmoja, jumla milioni 1.5. Timu ya kijiji inadai shilingi milioni 2.5, na itadai tena kila auzwapo hivyo.

Sasa sharti. Inayolipwa ni klabu iliyokuwa imemsajili mchezaji huyo rasmi kwenye shirikisho la nchi. Shule ya upili si klabu. Kijana aliyecheza miaka minne kwa jina la shule tu, hata kama shule hiyo ilimpa viatu, chakula na kocha, miaka hiyo minne haina mdai. Tangu mwishoni mwa 2022 FIFA inapitisha malipo haya kwenye ofisi yake maalumu, na ofisi hiyo inasoma kumbukumbu za usajili za kompyuta. Haisomi picha za timu zilizobandikwa ukutani kwa mwalimu mkuu.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kuudhi. Mtoto anayechezea shule asajiliwe pia na timu ndogo ya mtaani iliyo mwanachama wa tawi la kaunti la FKF, shirikisho la soka la Kenya, na jina lake liandikwe sawasawa na cheti cha kuzaliwa. Timu za aina hiyo ziko Suneka, ziko Ekerenyo, ziko Daraja Mbili. Nyingi zina mpira mmoja na daftari la mahudhurio. Daftari hilo, likihamishiwa kwenye mfumo, ndilo lenye thamani.

*Kwa ufupi: shule humwonyesha mchezaji, lakini klabu iliyomsajili ndiyo inayokumbukwa siku ya malipo.*

Akitaka njia ya chuo cha Marekani

Vijana wachache wa Gusii wataifuata njia ya Ouko na Ondieki kwa mpira badala ya mbio. Inawezekana, lakini ina mitego ambayo haifanani na ya huku.

Wa kwanza ni muda. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA kwa wanasoka wa ngazi ya juu zimekuwa hivi: ukimaliza shule ya upili una mwaka mmoja wa kucheza mashindano yaliyopangwa bila kudhurika. Ukizidisha, unaanza kupoteza misimu yako ya chuo. Kanuni hizo zinabadilishwa sana miaka ya karibuni, kwa hiyo chuo chenyewe ndicho cha kuulizwa. Ila picha inabaki: kijana anayemaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, akakaa miaka mitatu kwenye ligi za chini akisubiri klabu kubwa, huenda amekuwa anafunga mlango wa Marekani bila kusikia kitasa.

Wa pili ni fedha. Watu husikia "ufadhili" wakadhani ni kila kitu. Hadi 2025 timu ya soka ya wanaume ya daraja la juu la NCAA iliruhusiwa ufadhili kamili 9.9 tu, ugawanywe kwa kikosi kizima. Sasa vyuo vilivyoingia utaratibu mpya vina ukomo wa wachezaji 28 badala ya ukomo wa ufadhili, lakini fedha hazikuongezeka kwa sababu kanuni imebadilika. Kijana anaweza kuambiwa amepata ufadhili, kumbe ni nusu, na nusu iliyobaki kwa dola inatosha kununua shamba Kenyenya. Vyuo vidogo vya nje ya NCAA, kama kile cha Olum, na vyuo vya miaka miwili, mara nyingine huwa na ofa nzuri zaidi kwa mgeni.

Wa tatu ni alama. Mlinda lango mwenye D+ katika KCSE hatasaidiwa na mikono yake. Nimekutana na wazazi wanaoamini mpira unafuta matokeo ya mtihani. Kwenye shule za hapa pengine. Kwenye chuo cha Marekani, karatasi ya matokeo hufunguliwa kabla ya video.

Na video yenyewe, kwa kuwa mpira hauna saa: makocha wa vyuo huomba mechi nzima, si mabao yaliyokatwakatwa na kuwekewa muziki. Wanataka kuona kijana akipoteza mpira anafanya nini. Simu iliyowekwa juu mahali palipotulia, dakika 90, namba ya jezi ikisomeka, inatosha.

Mtaala mpya umeongeza jambo la kuangaliwa. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026, na mojawapo ya njia tatu za masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Shule itakayoipata njia hiyo ikiwa na uwanja na mwalimu aliyesomea ukocha itawavuta vijana. Shule itakayoipata kwenye karatasi tu itawavuta pia, na hapo ndipo mzazi aulize aonyeshwe uwanja.

Mtu anapokuja na karatasi

Siku moja atatokea mtu na gari safi, atataja klabu ya Ureno au ya Dubai, na ataomba shilingi elfu themanini za "kushughulikia." Kabla hujauza ng'ombe, muulize haya:

1. Leseni yako ya uwakala ya FIFA iko wapi? Tangu 2023 mawakala hufanya mtihani na majina yao huwekwa wazi na FIFA. Anayesema leseni yake "iko njiani" bado hajaipata.
2. Kijana ana miaka mingapi? FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi hadi nchi, isipokuwa kwa hali chache, kama vile wazazi kuhamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Mvulana wa miaka 16 wa Nyamira hapati mkataba wa klabu Lisbon, hata acheze vipi.
3. Nani anayelipa nauli ya majaribio? Klabu inayomtaka mtu kwa dhati huandika barua ya mwaliko kwa jina lake, na barua hiyo inaweza kuthibitishwa kwa kuipigia klabu simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.
4. Mzazi anatia sahihi wapi? Wakala hawezi kufunga makubaliano na mtoto bila mzazi au mlezi, na hata akiwa na mzazi, haruhusiwi kumwendea mapema kuliko miezi sita kabla ya umri ambao sheria ya nchi inaruhusu mkataba wa kwanza wa kulipwa.

Hata klabu ya hapa hapa Kenya ikija, soma idadi ya miaka. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba unaozidi miaka mitatu. Karatasi ikiandika mitano, miwili ya mwisho haina nguvu mbele ya FIFA, hata kama ina muhuri wa wakili na sahihi ya chifu.